Mikono Katika Picha ya Bi van Steenwerve

Aafje hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa Aafje binti Teunis, basi. Teunis alikuwa mwana wa Wigger, na huyo Wigger hakuna tena aliyemkumbuka. Kijijini kwao, kati ya mifereji na malisho yasiyokauka, jina la ukoo lilikuwa kitu cha watu wenye ukuta wa kulitundika. Akina Van Steenwerve wa Leiden walikuwa na ukuta, tena si mmoja.

Alifika kwao akiwa na miaka kumi na minane, kuomba utumishi wa ndani. Jambo la kwanza alilofundishwa halikuwa kufua wala kusugua ngazi, bali kupangusa mababu waliotundikwa ukutani. Unashika unyoya wa bata bukini, unaanza juu unashuka chini, na usoni huwagusi. Walikuwa kumi na saba, kila mmoja na kola nyeupe pana kama sahani ya karamu, na hapakuwa na hata mmoja aliyeonekana kufurahia utajiri wake. Aafje, ambaye hakuwa na jina hata moja la kutundika, aliwapa wao majina ya ziada: huyu Jino Linauma, yule Nimekalia Msumari, na bibi mnene wa pembeni Nani Kala Siagi. Machteld mpishi alicheka mpaka akalishwa kofi na mwenye nyumba kwa kuunguza maziwa.

Aafje alikuwa na kilema kimoja kidogo. Alipokuwa na miaka mitano, mlango wa zizi ulimbana kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Kilipona kikiwa kimejipandisha juu, na tangu siku hiyo hakikuinama tena. Akishika kikombe, kinanyanyuka. Akikamua shuka, kinanyanyuka.

"Tazameni malkia anavyosugua sufuria!" Machteld alikuwa akimtania. "Mheshimiwa, na masizi ya kule chini vipi?"

"Ya chini nakuachia wewe, mama wa moshi," Aafje alimjibu, na kazi ikaendelea.

Katika mwaka wake wa sita nyumbani humo, mwaka 1664, bwana wa nyumba aliamua kwamba mkewe, Bi Cornelia, achorwe. Mchoraji Joost alikuja nyumbani mara mbili akachora uso. Uso tu, kwa sababu wakubwa wa enzi hizo walimpa mchoraji uso wao na kumwachia nguo zichukue zamu iliyobaki. Nguo ilipelekwa karakana, ikavishwa sanamu ya mti. Ila sanamu ya mti haina mikono ya kutazamika, na mikono ya Bi Cornelia ilikuwa imevimba kwa jongo hata pete zilikatwa kwa tupa.

"Aafje," alisema Bi Cornelia, "nenda ukanisimamie kwa Joost." Alisema hivyo kama anavyosema nenda ukaninunulie samaki.

Aafje alisimama siku tisa. Alivishwa gauni la atlasi nyeusi lenye thamani kubwa kuliko zizi la baba yake pamoja na ng'ombe waliomo, na alikatazwa kukaa chini asije akalikunja. Mke wa Joost alikuwa chumba hicho hicho, mlango wazi, akimenya mizizi ya turnipu na kuwasimulia habari za mkwe wake mlevi. Hapakuwa na jambo la aibu. Aibu pekee ilikuwa tumbo la Aafje, lililonguruma kila ilipofika saa ya chakula.

"Kidole hicho usikishushe," Joost alisema siku ya kwanza.

"Hakishuki, Bwana."

"Afadhali. Mabibi wengine nawabembeleza saa nzima wakinyanyue, wewe umezaliwa nacho."

"Sikuzaliwa nacho. Ni mlango wa zizi."

Joost alicheka akaangusha brashi. Kisha akaichora mikono ile. Aliondoa mipasuko ya magadi, akaondoa wekundu wa maji baridi, kucha akazipa umbo la lozi. Kidole alikiacha kilivyo, kwa kuwa alikipenda.

Picha ilipoletwa, mji mzima wa wenye vyao ulikuja kuitazama. Uso waliusifu kwa adabu. Mikono waliisifu kwa dhati. Jioni ya kwanza Bi Cornelia alimkonyeza Aafje kutoka upande wa pili wa meza, na Aafje alilibeba konyezo hilo mpaka jikoni kama mtu aliyepewa zawadi. Mwaka wa pili hakukonyeza. Mwaka wa tano alikuwa akisema, "Mikono yangu ya zamani," na kushusha pumzi, na mtu aliyemtazama usoni aliona kwamba hadanganyi. Alikuwa ameamini. Binti zake walipochorwa walinyanyua kidole wao wenyewe. Wajukuu walipoanza kushika vikombe walifundishwa kukinyanyua, na asiyeweza alipigwa kijiko. Kikawa kidole cha Van Steenwerve.

Sasa utadhani Aafje aliudhika. Wapi! Alijiona mtu. Picha ile aliipangusa ya mwisho kila asubuhi, ili akae nayo zaidi. Jino Linauma na wenzake walikuwa watu wa watu wengine, lakini pale palikuwa na kipande chake yeye, katika fremu ya dhahabu. Hakumwambia mtu, na waliojua, yaani watu wa jikoni, walikuwa na mengine ya kushughulika nayo.

Bi Cornelia alipokuwa mjane na miguu imemkatalia, alijenga nyumba za wakfu: nyumba ndogo kumi kuzunguka ua wenye bomba la maji, kwa ajili ya watumishi wa kike waliozeekea kazini. Masharti alimtajia mwanasheria yeye mwenyewe, huku Aafje akiwa amepiga magoti akimwekea kaa jipya kwenye kijisanduku cha kupashia miguu. Awe ametimiza miaka sitini. Awe hana mume. Aje na kitanda chake na shuka sita. Asiwe amewahi kuuza pombe, wala kufungwa, wala kukaa mbele ya mchoraji.

Hilo la mwisho kila mtu Leiden alilielewa. Mwanamke aliyewakalia wachoraji alihesabiwa kuwa anauza na kingine, na hata aliyekaa na koti mpaka shingoni hakusalimika na midomo ya watu. Mwanasheria aliandika. Bi Cornelia hakupepesa jicho, na Aafje naye hakupepesa. Kwa Bi Cornelia, Aafje hakuwahi kukaa mbele ya mchoraji. Alikuwa amebeba gauni tu. Na kwa Aafje ilikuwa hivyo hivyo.

"Na wewe utapata yako, Aafje," Bi Cornelia alisema, mwanasheria alipokwisha kutoka. "Ile iliyo karibu na bomba. Kwanza unizike."

Akamzika. Machteld, aliyemtangulia kwa umri, tayari alikuwa na nyumba yake ya wakfu. Aafje alibaki miaka minne zaidi, akimgeuza Bi Cornelia kitandani, akimlisha uji wa mtindi kwa kijiko, na alipokata roho alimfumba macho. Wiki mbili baadaye mjukuu, Bwana Adriaen van Steenwerve, alihamia na mkewe Bi Sophia na watumishi wao wapya. Aafje alikuwa na miaka sitini, arobaini na miwili kati yake ameimalizia kwenye nyumba hiyo. Alitoka na sanduku la shuka sita, akapanga pembe ya chumba cha chini cha mfumaji nguo mmoja, mahali ambapo ukuta ulitoka jasho masika na kipupwe, akangoja kuitwa na wadhamini wa nyumba za wakfu.

Aliitwa mwezi wa kumi. Chumba cha wadhamini kilikuwa juu ya lango la wakfu, na ukutani, juu ya meko, walikuwa wameitundika picha ya mwasisi, ile ile ya Bi Cornelia. Aafje alipoiona moyo ulimpasuka kwa furaha. Mezani walikaa Bwana Adriaen na Bi Sophia, na kitambaa cha kijani mbele yao. Walimuuliza umri, akasema. Mume, hakuna. Pombe, hata ya kuonja ni haba. Shuka, sita, na mto mmoja wa ziada. Bwana Adriaen alikuwa ameshachukua kalamu.

Hapo Bi Sophia akaona afadhali aongeze maneno ya baraka. Kuna watu hawawezi kukuacha uondoke na riziki yako kimyakimya.

"Mtazame mama yetu huyu," alisema akielekeza kidole kwenye picha. "Itazame hiyo mikono. Uungwana haufichiki. Mikono kama hiyo huipati kwa kujifunza, ni damu. Kila ukipita hapa uitazame, Aafje, umshukuru."

Na Aafje, jamani, alitaka kuwafurahisha. Hilo ndilo lililomponza. Hakuwa na kinyongo wala kiburi. Aliona hapa ndipo mahali pa kutoa ushahidi wa utumishi wake, ushahidi bora kuliko barua, na wao wangefurahi kama watu wanaogundua kuwa mgeni wao ni ndugu.

"Ndiyo, Bibi," alisema akitabasamu. "Hiyo ni yangu."

"Nini yako?"

"Mikono. Marehemu alinituma nimsimamie. Siku tisa, bila kukaa. Yeye ya kwake ilikuwa na jongo."

Aafje aliendelea kutabasamu, mpaka tabasamu likamchosha.

"Unasema," Bwana Adriaen alianza polepole, "kwamba bibi yangu aliazima mikono ya mfagiaji?"

"Si kuazima, Bwana. Alinituma."

"Kwa mchoraji."

"Kwa Joost, ndiyo. Mkewe alikuwepo, anamenya..." Sharti lile lilikuwa limemrudia kichwani, neno kwa neno, kwa sauti ya marehemu.

Kwa pupa ya kujiokoa akaunyanyua mkono wake wa kulia. Ulikuwa wa kizee sasa, wenye mishipa na madoa, lakini kidole kilisimama vile vile. Bi Sophia alikitazama, akacheka kicheko kikavu.

"Mwone huyu! Amekaa na sisi miaka arobaini mpaka kidole chetu amekiiga!"

"Sijaiga, Bibi. Ni mlango wa zizi."

"Basi Van Steenwerve wote tulibanwa na mlango wa zizi, siyo?"

Bwana Adriaen hakucheka. Aliagiza Machteld aitwe, kwa kuwa alitumika nyumbani humo mwaka ule wa picha. Machteld alipanda akihema, akafuta mikono kwenye aproni. Aafje akashusha roho. Huyu alikuwa ndiye aliyempikia supu ya mifupa jioni zote tisa aliporudi miguu imevimba, ndiye aliyemkanda nyayo kwa siki.

"Machteld," Bwana Adriaen alisema, "huyu anadai mikono ile ni yake. Wewe unajua nini?"

Machteld aliitazama picha. Akamtazama Bi Sophia, kisha dirisha, ambalo chini yake kulikuwa na mlango wake mwenyewe, na bomba, na kabichi zake tatu alizozipanda kando ya ukuta.

"Mimi nilikuwa jikoni, Bwana," alisema. "Mambo ya huku juu siyajui."

"Machteld!" Aafje aliita.

"Sijui, Aafje. Usinitie katika mambo yako."

Bwana Adriaen aliomba wanawake wale wawili watoke, akabaki na mkewe. Alikuwa amekwama, na mtu mwenye akili angeliona hilo. Akimkatalia Aafje kwa kosa la kukaa mbele ya mchoraji, amekiri kwamba alikaa, na mji mzima utauliza ni kwa picha gani. Akimkubalia, maneno hayo yatakuwa yanaishi chini ya lango lake. Alipomwita Aafje tena alikuwa na karatasi. Aafje aweke alama yake kwamba alisema uongo, kwa sababu ya uzee na akili kuchoka, na kwamba mikono ile ni ya Cornelia van Steenwerve. Akifanya hivyo atasamehewa, nyumba atapewa.

"Sikusema uongo, Bwana."

"Basi huna nyumba."

"Nitaishi bila nyumba," Aafje alisema, na akashuka ngazi kichwa juu. Uani Machteld alikuwa akijifanya kupalilia kabichi. Aafje alisimama mbele yake.

"Ulinikanda miguu," alisema.

"Nilikukanda."

"Kwa siki."

"Aafje, mimi nina miaka sabini. Ungenitaka niseme kisha nilale wapi? Pembeni kwako huko kwenye maji?" Machteld hakuinua uso. "Na wewe nani alikutuma kusema? Walikuuliza mikono? Walikuuliza shuka!"

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu lilimkata maini Aafje kuliko lile la juu.

Alijikaza wiki saba. Asubuhi alisokota sufu kwa ajili ya mfumaji, na mchana pia, na kila uzi ulipokatika alimtukana Bi Cornelia, yule aliyefumbwa macho na mkono wake huo huo. Alimtukana kwa kukonyeza na alimtukana kwa kuacha kukonyeza. Chuki hiyo ilimpa joto kuliko meko ya mfumaji, lakini haikuweza kumkaushia kuta. Mwezi wa kumi na mbili vidole vilianza kuvimba. Mfumaji, mtu asiye na ubaya, alimweleza kwamba amepata kitanda kingine cha kufumia, na pembe ile anaihitaji. Kwingine kulikobaki ni nyumba ya maskini ya mji, ambako wanawake hulala wanne kitanda kimoja na shuka zako sita zinakuwa za wote.

Akarudi kwa wadhamini siku ambayo mfereji ulikuwa umeganda. Bi Sophia hakuwepo. Alikuwa na mafua. Bwana Adriaen alikuwa peke yake mezani, na karatasi ilikuwa pale pale, haikukunjwa hata kidogo, kama kwamba alijua.

Alimchovyea kalamu yeye mwenyewe akamkabidhi. Aafje aliishika namna pekee aliyoweza, na kidole kikanyanyuka. Mwanga wa dirishani ulimwangukia mkononi. Bwana Adriaen aliutazama. Kisha, bila kukusudia, akainua macho kwenye picha iliyo juu ya meko, akayarudisha mkononi, tena juu, tena chini. Uso wake ulibadilika. Alikuwa na miaka thelathini, na tangu utotoni alikuwa amepigwa kijiko kwa ajili ya kidole hicho.

Aafje alimwona akijua. Alingoja. Alidhani sasa atasema kitu, hata pole tu, na kwa neno hilo moja angemsamehe yeye na ukuta wao wote.

Bwana Adriaen aliisogeza karatasi karibu naye zaidi.

"Hapa," alisema kwa upole. "Usiharakishe, Aafje. Weka alama yako hapa."

Akaiweka. Ilikuwa msalaba mmoja.

Alipewa nyumba, si ile ya karibu na bomba bali ya pembeni, ukuta mmoja na Machteld. Ilikuwa kavu. Usiku wa kwanza alilala kwenye shuka zake mwenyewe akalia kwa sababu palikuwa na raha, na alijichukia kwa hiyo raha kuliko alivyojichukia kwa msalaba.

Mwezi wa tatu ilikuwa Siku ya Mwasisi. Siku hiyo lango hufunguliwa, watu wa mjini hupanda chumba cha wadhamini kutazama picha, na wanawake kumi wa wakfu husimama mstarini kando ya meko kupokea mkate wa zabibu na zawadi ya mwaka. Mwaka huo kila mmoja alipewa shali ya sufu. Aafje alipewa shali, na juu yake glavu nene za sufu, zile zinazobana vidole vyote pamoja ndani ya mfuko mmoja.

"Uzivae wageni wakiwepo," Bi Sophia alisema. "Uzee unaona baridi."

Moto ulikuwa unawaka mpaka vioo vikatoka jasho. Bwana Adriaen alikuwa ameshughulika sana na dirisha, akitazama nje.

"Umependelewa, shoga," alinong'ona mmoja wa wanawake. Machteld, aliyesimama upande wa pili, alizitazama glavu, kisha sakafu.

Wageni walipita. Bi Sophia aliwaonyesha uso kwa ufupi na mikono kwa urefu. Bibi mmoja kutoka Delft, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe, alisikia kwamba Aafje ndiye aliyemuuguza mwasisi, akamsogelea.

"Niambie wewe uliyemwona kila siku," alisema. "Mchoraji hakutia chumvi? Kweli mikono yake ilikuwa mizuri hivyo?"

Jasho lilikuwa linamchuruzika Aafje ndani ya sufu.

"Kweli, Bibi," alisema. "Ilikuwa mizuri."

Bibi yule akaridhika akaendelea. Mikate ikagawiwa. Aafje alinyoosha mikono kuupokea wake, lakini kwa zile glavu hakuweza kuushika, ukamponyoka ukabingiria sakafuni hadi chini ya picha. Machteld akaufuata kwa miguu yake mibovu, akainama kwa taabu, akaufuta majivu kwa aproni yake, akarudi na kumwekea kwapani ili usianguke tena. Aafje hakumwambia asante.